Namna ya Kuanza Kukusanya Ramani za Marekani za Karne ya 19

Maswali ya watu wanaotaka kuanza kukusanya ramani za kale za Marekani hayabadiliki: nianze na ipi, nitajuaje kwamba si nakala ya juzi, je, mwaka ulioandikwa chini ni wa kweli, na nikishaipata niitundike ukutani au niiweke kabatini. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata utaratibu wa kazi yenyewe, tangu kuchagua hadi kuhifadhi. Unahusu ramani zilizochapishwa kati ya mwaka 1800 na 1900, karne ambayo Marekani iliianza ikiwa na majimbo 16 upande wa mashariki na kuimaliza ikiwa na 45 yaliyofika Bahari ya Pasifiki. Kasi hiyo ya kukua ndiyo inayozipa ramani zake ladha, kwa sababu kila baada ya miaka michache mpaka ulihama, eneo likagawanywa, jina likafutwa, na mchapishaji akalazimika kulirekebisha bamba lake la kuchapia. Anayejua kuyasoma marekebisho hayo hununua vizuri hata kwa fedha kidogo. Asiyeyajua hununua maneno ya muuzaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya kukuzia mara 10, kama ile wanayotumia masonara. Hiki ndicho kifaa cha lazima kuliko vyote.
- Tochi ndogo na rula ya sentimeta.
- Taa ya mionzi ya urujuanimno, ya aina inayotumika kukagulia noti za benki.
- Bahasha za plastiki ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi, vyote vikiwa vikubwa kuliko ramani unazokusudia kununua.
- Daftari, na penseli laini. Kalamu ya wino isikae meza moja na ramani.
- Kiasi cha fedha ulichojipangia kwa mwaka mzima, si kwa ramani moja. Kurasa za kawaida za atlasi za kati ya karne huuzwa kwa makumi ya dola hadi mia na kitu, ilhali ramani za Texas ilipokuwa jamhuri, au za California ya wakati wa dhahabu, hupanda mbali zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Jiwekee uwanja mwembamba

Usianze kwa kusema unakusanya ramani za Marekani, kwa maana hizo hazina mwisho. Chagua jimbo moja, au mchapishaji mmoja, au tukio moja linaloonekana kwenye ramani, mfano kugawanywa kwa maeneo ya magharibi kati ya 1854 na 1868, au kuenea kwa reli kabla na baada ya njia ya kuvuka bara kukamilika huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo njia nyingine isiyo na ushindani mkubwa: ramani za Massachusetts za miaka ya 1830 hadi 1850. Humo utaikuta bandari ya Salem, zilikotoka meli za wafanyabiashara waliokuja Zanzibar baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said, na utaviona pia vijiji vilivyogeuka miji ya viwanda vya pamba, vilikofumwa vitambaa ambavyo pwani yetu iliviita merikani. Ramani za jimbo hilo si ghali, na kila moja ina jambo la kumwambia mtu wa Zanzibar ambalo mnunuzi wa Boston hatalitafuta.

Hatua ya 2: Tazama nyingi kabla ya kununua moja

Mkusanyo wa David Rumsey, ambao ramani zake za asili zimekabidhiwa Chuo Kikuu cha Stanford, unaonyesha makumi ya maelfu ya ramani kwenye intaneti bila malipo, kwa picha kubwa unazoweza kuzikuza mpaka ukaona herufi za vijiji. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo imeweka zake wazi. Chukua ramani ya jimbo moja, mfano Nebraska, uifuatilie katika atlasi za miaka tofauti hadi macho yazoee. Angalia jinsi kaunti zinavyoongezeka kutoka mashariki kwenda magharibi na jinsi mistari ya reli inavyorefuka. Mazoezi hayo hayana njia ya mkato, nayo ndiyo yatakayokulinda siku utakapoonyeshwa ramani dukani na kutakiwa uamue papo hapo.

Hatua ya 3: Wafahamu wachapishaji wachache wakuu

Mwanzoni mwa karne kitovu cha kazi hii kilikuwa Philadelphia. Huko alikuwepo John Melish, ambaye ramani yake kubwa ya 1816 iliionyesha nchi hadi Pasifiki, na ambayo toleo lake lililorekebishwa hadi tarehe 1 Januari 1818 lilitajwa kwa jina katika mkataba wa 1819 uliopanga mpaka kati ya Marekani na Hispania. Alikuwepo pia Henry S. Tanner, mchongaji hodari kuliko wengi wa wakati wake. Kazi za wawili hao si za anayeanza, ila ukiziona utakuwa na kipimo cha kazi nzuri.

Zako wewe zitatoka zaidi kwa Samuel Augustus Mitchell wa Philadelphia na mwanawe, J. H. Colton wa New York, na Alvin J. Johnson aliyeanza kutoa atlasi zake mwaka 1860. Baadaye kazi ilihamia Chicago kwa Rand McNally na George F. Cram, waliochapisha kwa wingi na kwa bei nafuu. Kwa maoni yangu Johnson ndiye mwalimu bora wa anayeanza: ramani zake zipo tele, alizirekebisha mara kwa mara, na jina la kampuni lilibadilika kadiri washirika walivyobadilika. Ukiona Johnson na Browning, uko 1860 hadi 1862. Ukiona Johnson na Ward, uko kati ya 1862 na 1866.

Usizipuuze ramani za serikali. Ripoti za mwaka za idara ya upimaji wa pwani, hasa za miaka ya 1840 hadi 1860, zilikuwa na ramani za bandari na milango ya mito zilizokunjwa mara nyingi ndani ya kitabu. Karatasi yake ni nyembamba na mikunjo huchanika, ndiyo maana ni rahisi, lakini uchoraji wake ni wa hali ya juu.

Hatua ya 4: Soma mwaka kwenye mipaka, si kwenye maandishi

Hapa ndipo wengi hukosea. Chini ya ramani nyingi kuna mstari wa herufi ndogo unaosema kwamba ramani imesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge katika mwaka fulani. Huo ni mwaka wa kusajili hakimiliki, si mwaka wa kuchapisha. Ramani za Colton zenye mwaka 1855 ziliendelea kuchapishwa kwa miaka kadhaa, bamba likirekebishwa huku mstari huo ukibaki vilevile. Hata hivyo mstari una faida nyingine: ukitaja ofisi ya karani wa mahakama ya wilaya, usajili ulifanyika kabla ya utaratibu wa 1870, ukimtaja Mkutubi wa Bunge huko Washington, ni wa 1870 au baadaye.

Mwaka wa kweli uko kwenye mistari ya mipaka. Nakili orodha hii kwenye daftari lako:

- 1803: ununuzi wa Louisiana kutoka Ufaransa, Ohio yawa jimbo
- 1820: Maine yatengwa na Massachusetts
- 1836 hadi 1845: Texas ni jamhuri inayojitegemea
- 1846: mpaka wa Oregon na Uingereza wawekwa kwenye nyuzi 49
- 1848: Meksiko yaachia California na kusini-magharibi
- 1850: California yawa jimbo, Texas yakatwa na kupata umbo ililo nalo sasa
- 1854: Kansas na Nebraska zaundwa kuwa maeneo (sehemu zilizo chini ya serikali kuu, ambazo bado si majimbo), ununuzi wa Gadsden, yaani ardhi iliyonunuliwa kutoka Meksiko kusini mwa Arizona, wathibitishwa
- 1861: maeneo ya Colorado, Dakota na Nevada
- 1863: Idaho na Arizona zawa maeneo, West Virginia yawa jimbo
- 1864: Montana yatengwa na Idaho
- 1867: Alaska yanunuliwa kutoka Urusi
- 1868: Wyoming yawa eneo
- 1889: Dakota yagawanywa kuwa majimbo mawili, Montana na Washington nazo zaingia
- 1890: eneo la Oklahoma laundwa, Idaho na Wyoming zawa majimbo
- 1896: Utah yawa jimbo

Sasa tuitumie. Tuseme una ukurasa wa magharibi kutoka atlasi ya Johnson, usio na mwaka wowote. Weka lenzi juu ya Nevada. Eneo hilo lilipoundwa mwaka 1861, mpaka wake wa mashariki ulipita kwenye mstari wa longitudo wa 39 magharibi ya Washington. Mwaka 1862 ukasogezwa hadi wa 38, na mwaka 1866 hadi wa 37, kila mara Utah ikipoteza kipande. Usishangae kuona hesabu zinaanzia Washington badala ya Greenwich, kwa kuwa ramani nyingi za Marekani za wakati huo huandika hesabu moja kwenye ukingo wa juu na nyingine kwenye ukingo wa chini. Shuka kusini: ile pembe ya Nevada inayochomoza kuelekea mto Colorado, ilipo Las Vegas ya leo, ilikuwa bado sehemu ya Arizona hadi 1867. Panda kaskazini: je, Montana ipo? Kama haipo na Idaho imetanuka ikameza milima yote hadi Dakota, unaitazama nchi ilivyokuwa kati ya Machi 1863 na Mei 1864, miezi isiyozidi 15. Na kama Arizona imechorwa kuwa ukanda uliolala kusini mwa New Mexico badala ya kusimama magharibi yake, ramani inatangulia 1863. Kwa kutazama sehemu tatu tu umeiweka ramani ndani ya mwaka mmoja au miwili, na muuzaji aliyeandika "takriban 1870" hana la kukujibu.

Onyo: mipaka hukueleza mwaka ambao ramani haiwezi kuwa kabla yake. Haikuhakikishii kwamba haikuchapishwa baadaye, maana wapo wachapishaji waliouza bamba lililopitwa na wakati bila aibu. Linganisha pia reli, kaunti na miji mipya kabla ya kuandika neno la mwisho.

Hatua ya 5: Kagua wino, karatasi na rangi

Weka lenzi kwenye mstari wa pwani. Katika ramani iliyochongwa kwenye shaba au chuma, mstari huanza mwembamba, hunenepa na kuishia ncha kali, na wino wake umeinuka kidogo. Ukimulika kwa tochi kutoka pembeni utauona ukitupa kivuli. Katika litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe, wino umelala bapa na mstari una chembechembe kidogo. Katika ramani za Chicago za baada ya 1870, zilizotengenezwa kwa njia ya nta, mistari ni ya unene mmoja na majina yanafanana na herufi za gazeti, kwa sababu yaligongwa kwenye nta kwa herufi za chuma. Zote tatu ni halali. Usichotaka kukiona ni vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa mpangilio sawa kila mahali, kwani hivyo ni alama ya uchapaji wa kisasa wa picha.

Karatasi ya nusu ya kwanza ya karne ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ni ngumu na hukunjika bila kulia. Baadaye ilikuja karatasi ya massa ya mti, yenye asidi, inayogeuka kahawia na kuvunjika kama biskuti ukiikunja pembe. Kwa hiyo ramani ya Cram ya 1890 mara nyingi huonekana mzee kuliko ya Tanner ya 1823, nawe usidanganywe na sura. Washa taa ya urujuanimno chumbani gizani: karatasi ikimeta weupe wa buluu, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutumika katika karne ya 20, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Rangi za maji zilipakwa kwa mkono kwa sehemu kubwa ya karne, kwa hiyo zinapita mpaka hapa na kupungukiwa pale. Ramani ambayo rangi zake zinang'aa mno, au zimeingia ndani ya mikunjo na michaniko, imepakwa juzi. Si kosa la jinai, lakini bei yake ishuke.

Onyo jingine: karatasi ya manjano iliyojikunyata, yenye kingo zilizoungua, huuzwa kwa watalii kama ramani ya kale. Hakuna atlasi ya karne ya 19 iliyouzwa ikiwa imeungua kingo.

Hatua ya 6: Pima hali yake

Ramani za atlasi kubwa zilikunjwa katikati, hivyo tazama mkunjo kwanza, mbele na nyuma. Kipande cha karatasi kilichobandikwa nyuma ya mkunjo ni matengenezo ya kawaida. Kisha tazama pambizo: ramani iliyokatwa hadi kwenye mapambo ya ukingo imepoteza sehemu ya thamani yake, na pia imepoteza nafasi ya kushikia bila kugusa mchoro. Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika huvumilika. Doa la maji lililovuka katikati ya jimbo halivumiliki kirahisi. Selotepu ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa kuwa gundi yake huingia ndani ya nyuzi na kuacha alama ya manjano hata ikibanduliwa.

Hatua ya 7: Nunua kwa maandishi

Omba picha za mbele na nyuma, picha ya pembe moja kwa karibu, na vipimo vya karatasi. Uliza maswali mawili kwa uwazi: je, ni ya asili, na rangi ni ya wakati wake? Majibu yaandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la ramani, mchapishaji, mwaka unaodaiwa na haki ya kurudisha. Muuzaji wa kweli haoni taabu kufanya hivyo. Neno "ya mtindo wa kale" kwenye tangazo lina maana moja tu, kwamba ramani si ya asili, nalo "chapa ya ukumbusho" vivyo hivyo.

Kama unaagiza kutoka Marekani hadi Mombasa au Dar es Salaam, waulize forodha kabla, na omba kifurushi bapa kati ya kadibodi mbili ngumu. Bomba linafaa kwa karatasi ya matambara iliyo laini; karatasi kavu ya mwisho wa karne hupasuka inapokunjuliwa.

Suala la atlasi nzima zinazochanwa ili ziuzwe ukurasa kwa ukurasa halina jibu jepesi. Ramani nyingi zilizoko sokoni zilitoka humo, na hakuna anayeweza kuzirudisha. Lakini ukikutana na atlasi iliyo kamili na jalada lake, inunue nzima au iache nzima.

Hatua ya 8: Hifadhi

Iache ramani ipumzike siku moja ndani ya chumba, kisha iweke kwenye bahasha ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi, ilale bapa kwenye droo pana. Unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50. Katika miji yetu ya pwani kipimo hicho hakipatikani bila msaada, kwa hiyo droo isiguse ukuta wa nje, isikae sakafuni, na iwekewe pakiti za kunyonya unyevu zinazobadilishwa. Ukitaka kutundika, tumia kioo kinachozuia urujuanimno, kadibodi ya kutenganisha ramani na kioo, na ukuta usiofikiwa na jua. Fundi fremu asitumie gundi wala selotepu. Ramani ishikiliwe kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kuifunga ramani kwenye plastiki ya joto, kama kitambulisho, ni kuiua.

Andika taarifa zake kwa penseli kwenye karatasi tofauti, usiandike nyuma ya ramani.

Mambo yanayokwama mara kwa mara

*Mipaka inasema 1861, mstari wa hakimiliki unasema 1855.* Hakuna mgongano. Andika yote mawili katika kumbukumbu zako, na utumie mwaka wa mipaka kuwa mwaka wa toleo.

*Ramani inaonyesha eneo ambalo halikuwahi kuwepo kisheria.* Wachapishaji walikimbilia kuchora mapendekezo yaliyokuwa yakijadiliwa Bungeni ili wasipitwe. Ule ukanda wa Arizona wa kusini ni mfano wake. Ramani za namna hii hutafutwa sana, basi usiirudishe ukidhani ni kosa.

*Texas ina shingo ndefu inayopanda hadi milima ya Rocky.* Hiyo ndiyo mipaka iliyodaiwa na jamhuri na kuendelea kudaiwa hadi 1850. Kama umeuziwa kwa bei ya ukurasa wa kawaida, ikague tena kwa lenzi kabla ya kufurahi.

*Mkunjo umeanza kuachana.* Usibandike chochote. Iingize kwenye poliesta, isikunjwe tena, na itafutie mhifadhi wa karatasi. Maktaba kuu na nyaraka za taifa huwa na watu wanaoijua kazi hiyo au wanaoweza kukuelekeza.

*Ramani ya ukutani imebandikwa kwenye kitani na varnishi imegeuka rangi ya chai.* Ramani hizo zilitengenezwa hivyo tangu mwanzo. Kuiondoa varnishi ni kazi ya mhifadhi, na gharama yake mara nyingi huzidi bei uliyonunulia, hivyo fanya hesabu kabla ya kununua.

*Imefika ikiwa na harufu ya uvundo na ukungu mweupe.* Isiingie kwenye droo pamoja na nyingine. Iweke peke yake kwenye chumba kikavu chenye hewa, mbali na jua, hadi ukungu ukauke na kuwa vumbi. Kisha uuondoe nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua na mdomo. Harufu ikibaki, ramani ibaki kando, na risiti yenye haki ya kurudisha itolewe kabla muda wake haujapita.